Nepi za Tabaka Nane

Machi 9, Jumatatu

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu mbele kumejaa viuno na mabega ya wateja. Fundi aliyenifundisha kushona alinizoesha hivi: mteja akilalamika, andika siku hiyohiyo, asije kesho akageuza maneno. Leo aliyelalamika ni mama mkwe, na nyumba ni yangu, lakini naandika vilevile.

Amefika asubuhi na begi moja. Mke wangu anarudi kufundisha wiki ijayo, likizo ya uzazi imekwisha, na mama yake amekubali kukaa nasi mpaka mvua ziishe. Nilimfungulia mlango, nikampokea begi. Akamwona mtoto, akatabasamu. Kisha akavuta pumzi, na tabasamu likaondoka.

"Fundi, humu ndani kuna nepi."

"Zipo, mama. Mtoto ana miezi mitano."

"Sikuuliza kama zipo. Nasema nimezisikia tangu kwenye ngazi."

Mimi sisikii harufu yoyote, na nilimwambia hivyo. Nyumba yetu ni vyumba viwili. Cha ndani tunalala. Cha mbele ni karakana yangu: cherehani, meza ya kukatia, sanamu la kuvishia nguo, na kochi atakalolala mama mkwe. Nepi zinakaa kwenye ndoo yenye kifuniko chini ya meza ya kukatia. Ndoo imefunikwa. Harufu itoke wapi?

Na si nepi za kununua. Nimezishona mwenyewe, ishirini na nne, tabaka nane kila moja, fulana nzito na taulo, nikazipiga mishono ya mraba mraba zisisogee, pindo mara mbili, kona za mviringo. Mke wangu alipoziona alitoka machozi. Nilijua ni furaha.

Machi 10, Jumanne

Mvua kutwa nzima. Nepi kumi na moja kwenye kamba ya varandani, hakuna iliyokauka.

Machi 12, Alhamisi

Kazi kubwa imeingia! Gauni la harusi, satini nyeupe na lesi, la Mei 16. Bibi harusi ni binti mpole anayefanya kazi maktaba, anazungumza kwa sauti ya chini hata akiwa nje ya maktaba. Amekuja na shangazi yake aliyemlea, na huyo ndiye mwenye neno la mwisho.

Shangazi anauza manukato. Ana duka lake, anachanganya mwenyewe, na anasema pua yake ndiyo iliyomsomesha binti huyo. Alipoingia tu alisimama katikati ya chumba, kichwa juu, macho yamefumbwa nusu.

"Mafuta ya cherehani," akasema. "Chaki. Chai ya asubuhi, imemwagika. Na..." Akageuka taratibu mpaka uso wake ukaelekea chini ya meza ya kukatia. Hakumaliza.

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kochi na mtoto, alinitazama. Ni kutazama kwa namna ya mtu anayeweka alama kwenye karatasi ya mtihani.

Kiuno 68.

Machi 13, Ijumaa

Nimenunua marashi na kupulizia chumba kizima. Si kwamba nimekubali kuna harufu. Ni adabu tu kwa wateja.

Machi 16, Jumatatu

Mke wangu amerudi kazini. Nyumbani tumebaki watatu: mimi, mama mkwe, na mtoto, ambaye tunamwita Bosi kwa kuwa wote tunamfanyia kazi na hatoi sababu akikasirika.

Mama mkwe amechukua nepi moja, akaiminya, akaipima mkononi.

"Fundi, hii ni nepi au koti la baridi?"

"Inashika maji vizuri sana, mama."

"Naona. Haitaki kuyaachia."

Nikamweleza kuhusu tabaka nane na mishono ya mraba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kazi nzuri, na kwamba angekuwa mtoto angeogopa kuivaa. Mimi si mtu wa hasira lakini niliwasha cherehani ili nisimsikie.

Machi 19, Alhamisi

Mvua. Nepi tisa hazijakauka toka juzi.

Machi 24, Jumanne

Nimeongeza sabuni. Zamani nilikuwa naweka kiganja kimoja cha sabuni ya unga, sasa naweka vitatu. Povu linafika kwenye kiwiko. Mama mkwe alipita akaona, akasimama, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake.

Machi 27, Ijumaa

Kipimo cha pili. Kiuno 70. Nilipima mara mbili nikidhani futi imevutika. Bibi harusi aliniangalia machoni akasema kwa sauti yake ya maktaba, "Fundi, acha nafasi ya kutosha kwenye mishono."

Shangazi alikuwa anashughulika na jambo lake. Alinusa hewa kama anayeonja mchuzi, akasema, "Umeweka marashi ya rahisi juu ya mkojo wa mtoto. Sasa una vitu viwili."

Mama mkwe alicheka! Alijifanya anakohoa, lakini nilimwona mabega.

Aprili 1, Jumatano

Orodha ya niliyojaribu, nisije nikarudia. Marashi, imeshaelezwa. Maganda ya limau ndani ya ndoo: sasa inanuka kama mtu aliyekojoa kwenye mti wa limau. Mkaa kwenye sahani katika pembe za chumba, ambao nilisoma kwamba unanyonya harufu: nikaukanyaga, nikaenda moja kwa moja kwenye satini, roho yangu ilitoka ikarudi. Ndoo kuifunga kifuniko kwa mpira ili hewa isipite: mke wangu aliifungua jioni, akarudi nyuma hatua tatu, akaketi chini.

Lakini bado mimi sisikii kitu. Nadhani wanawake hawa watatu wameambukizana.

Aprili 4, Jumamosi

Kitu kimetokea na lazima nikiandike kwa ukweli.

Nilikwenda upande wa pili wa mji kutafuta lesi ya mikono, kazi ya asubuhi nzima. Nikazunguka maduka, nikanyeshewa, nikakaa chini ya paa la watu kungoja mvua ipungue. Nimerudi saa nane mchana, nikafungua mlango.

Nilidhani nimekosea nyumba. Nilitoka nje, nikatazama namba ya mlango, ni yetu. Nikaingia tena. Macho yalinichoma. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi anambembeleza Bosi, ametulia kabisa.

"Karibu nyumbani," akasema.

Kumbe pua yangu ilishazoea, na mvua ya nusu siku imeisafisha. Kwa hiyo wiki zote hizi wateja wangu walikuwa wanaingia humu. Yule mzee wa suti, aliyesema atarudi. Yule mama wa sare za shule, aliyenipa vipimo akiwa amesimama nje, nikadhani ni aibu. Nimeona haya mpaka masikioni.

Nilimwomba mama mkwe radhi. Akasema, "Haya," akanipa mtoto, akaenda kuanika nepi.

Aprili 7, Jumanne

Nimepata dawa. Kama tatizo ni nepi kutokauka, na mimi nina pasi nzito ya kazi, si nizikaushe kwa pasi? Miaka yote hii nimekuwa na silaha mkononi.

Nimepiga pasi nepi kumi na nne, moja moja, pande zote. Mvuke ulijaa chumba mpaka sikuona ukuta. Sanamu limesimama katikati ya ukungu na gauni lake, kama bibi harusi anayeshuka kutoka mawinguni. Lilipendeza kweli.

Baadaye nikapiga pasi bitana ya gauni, kwa pasi ileile, kwa kuwa ilikuwa bado moto na sitaki kupoteza moto.

Aprili 8, Jumatano

Gauni linanuka.

Aprili 9, Alhamisi

Shangazi amekuja bila taarifa, pamoja na bibi harusi. Siwezi kumlaumu Shangazi, gauni analilipia yeye. Sikuwa na pa kulificha. Alilikaribia sanamu, akainamisha uso kwenye kifua cha gauni, akavuta pumzi moja tu.

"Fundi, hili gauni lina umri wa miezi sita na linanyonya."

"Shangazi, ni mvuke tu, ni..."

"Nakupa mpaka Aprili 25. Nikija siku hiyo nikasikia mtoto ndani ya satini, nalichukua lilivyo, nampelekea fundi wa barabara kuu alimalizie. Na watu wakiniuliza kwa nini, nitawaambia. Mimi sijui kusema uongo, hasa wa pua."

Akaondoka. Bibi harusi alibaki nyuma dakika moja kuchukua mwavuli wake. Macho yalikuwa mekundu.

"Fundi, nakuomba, lisitoke hapa. Fundi mwingine akilifungua ataona nafasi uliyoiacha kwenye mishono. Atamuuliza shangazi ni lini nitajifungua."

Nikabaki nimeshika chaki. Nilijua, bila shaka. Fundi anajua kabla ya daktari. Lakini kujua kimoyomoyo ni jambo moja, na kuambiwa ni jambo lingine. Alisema yeye na bwana harusi wameshajadili, wanafurahi, watamweleza shangazi wenyewe baada ya harusi, kwa amani, si kupitia kwa fundi wa barabara kuu. Shangazi amemlea peke yake, hataki asikie kwa mtu wa pembeni.

Nikamwahidi. Halitoki hapa. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye mpango.

Sina mpango. Nimekaa kwenye kiti cha wateja saa nzima nikitazama ndoo.

Aprili 10, Ijumaa

Nilimeza mate, nikameza na kiburi, nikamwendea mama mkwe alipokuwa akimwogesha Bosi.

"Mama, nisaidie. Nifanye nini?"

Hakuinua kichwa. "Nilikuwa nangoja uniulize."

"Mwezi mzima?"

"Ungenisikia mwezi mzima? Kila nikifungua mdomo unawasha cherehani."

Ndipo akaniambia kitu ambacho mke wangu anakijua na mimi, mkwe wa miaka minne, sikuwahi kuuliza. Mama mkwe alifanya kazi ya kufua hospitalini miaka ishirini na miwili. Wodi ya wazazi. Mashuka, nguo za watoto, nepi mia kwa siku. Mimi nilidhani alikuwa karani. Sijui kwa nini nilidhani hivyo, labda kwa sababu ya jinsi anavyokunja magazeti.

Akaniambia nilete nepi iliyo safi kabisa, ile ninayojivunia. Nikaleta. Akachemsha maji, akayamimina kwenye beseni, maji matupu, bila chochote. Akaitumbukiza nepi, akaikoroga kwa mwiko.

Povu likapanda. Sikuamini. Povu jeupe, zito, kutoka kwenye nepi niliyoifua kwa mikono yangu na kuisuuza mara mbili.

"Hiyo ni sabuni yako ya mwezi uliopita," akasema. "Imekaa ndani ya tabaka zako nane pamoja na mkojo, wamefungiwa humo kwa mishono ya mraba. Kila ukiongeza sabuni unawaongezea wageni. Huoshi nepi, Fundi. Unazijaza."

Akamwaga maji, akamimina mengine. Povu tena. Mara ya tano ndipo maji yalipokaa kimya. Na hata hapo, alipoikamua nepi na kuipasua kona kwa wembe, tabaka la katikati lilikuwa bado na rangi ya chai.

Alinipa wembe ule mkononi.

"Zote?" nikauliza.

"Wewe ndiye fundi."

Aprili 11, Jumamosi

Nimefumua nepi kumi.

Aprili 12, Jumapili

Nimefumua nane. Mke wangu alikaa karibu yangu akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Nikamuuliza yale machozi ya siku nilipomwonyesha nepi yalikuwa ya furaha kweli? Alisahihisha ukurasa mzima ndipo akajibu.

"Niliona umekesha wiki nzima kumshonea mtoto ambaye hajazaliwa. Hayo yalikuwa ya furaha. Halafu nikaishika moja mkononi."

Aprili 13, Jumatatu

Nimefumua tano, ya mwisho siioni. Nilizishona ishirini na nne, nina hakika. Mama mkwe anasema labda Bosi ameivaa. Bosi hakuwa ameivaa.

Kutoka kila nepi nzito nimepata nne nyepesi, tabaka mbili, bila mishono ya katikati, kitambaa kinachokunjwa wakati wa kuvaa na kufunguka chote wakati wa kufua. Mama mkwe ananifundisha kuzikunja. Vidole vyake vinafanya kazi kwa kasi ambayo sijaiona hata kwa mafundi. Sabuni ni nusu kijiko. Nepi ya mkojo inasuuzwa papo hapo, haingoji. Ndoo haina kifuniko tena, na imehamia varandani.

Aprili 15, Jumatano

Mvua, lakini nepi zimekauka zote kwa upepo tu! Nimezihesabu mara mbili.

Aprili 17, Ijumaa

Tumeingia kwenye gauni. Mama mkwe alilinusa sehemu kwa sehemu, kuanzia mabega mpaka pindo, taratibu kuliko hata Shangazi. Satini ilikuwa imepona kwa kupigwa upepo. Lesi nayo. Mgonjwa ni bitana, ile niliyoipiga pasi.

"Ifumue itoke nje," akasema. "Naifua mimi. Usiiguse."

Alisuuza mara saba. Nilihesabu kutoka mlangoni kama mtu anayengoja mkewe ajifungue. Aliponirudishia ilikuwa nyepesi na haina harufu ya sabuni wala ya kitu kingine, na ndipo nilipoelewa kuwa usafi hauna harufu. Nilikuwa nimeutafuta mahali pasipofaa maisha yangu yote.

Kisha akasema bila kunitazama, "Kwa kuwa umeshaifumua bitana, na kiuno ukiachie sentimita sita."

"Mama, umejua?"

"Nimefua mashuka ya wodi ya wazazi miaka ishirini na miwili. Mwanamke akipanda ngazi najua."

Aprili 25, Jumamosi

Leo.

Tangu alfajiri mvua haikunyesha, mara ya kwanza wiki hizi. Mama mkwe alifungua madirisha, akafagia, akamvisha Bosi nepi mpya. Hakuniruhusu kupulizia hata tone la marashi.

Shangazi alifika saa tano na bibi harusi nyuma yake, rangi imemtoka. Shangazi hakusalimia. Alisimama palepale katikati ya chumba, kichwa juu, macho yamefumbwa nusu. Nilisikia saa ya ukutani, na sikujua kabla kwamba ina sauti.

"Mafuta ya cherehani," akasema. "Chaki. Chai."

Akageuka kuelekea chini ya meza. Akageuka kuelekea kochi. Akamwendea Bosi, akainama, akamnusa utosini, akamnusa tumboni, akamnusa pasipotajika. Bosi akamshika pua kwa vidole vitano na hakuachia.

"Huyu mtoto amefuliwa na nani?" Shangazi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua.

"Na mimi," akasema mama mkwe.

Walitazamana. Wataalamu wawili. Kisha Shangazi alilinusa gauni kifuani, kiunoni, ndani ya bitana, akarudi kiunoni, akakaa hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika kwa pua. Vidole vyake vilipita juu ya mshono. Bibi harusi alifumba macho. Mimi pia.

"Limebaki gauni tu," Shangazi akasema. "Litamaliziwa hapahapa."

Kiuno 75. Kule mbele ya daftari nimeandika 68.

Mei 3, Jumapili

Jua. Nepi zinakauka kabla sijamaliza kuanika za mwisho.

Mei 16, Jumamosi

Harusi imepita. Tulialikwa, mama mkwe akaketishwa meza moja na Shangazi, wakaongea habari za madoa mpaka keki ilipokatwa. Gauni lilitulia mwilini vizuri. Nilipoliona linapita katikati ya watu, mke wangu alinishika mkono, na sioni aibu kuandika kwamba macho yangu yalilowa. Haya yalikuwa ya furaha tupu.

Mei 18, Jumatatu

Bibi harusi amekuja peke yake. Anataka nepi dazeni mbili, za tabaka mbili kama za Bosi. "Tafadhali shangazi asijue, tutamwambia wiki ijayo."

Mei 20, Jumatano

Shangazi amekuja peke yake. Anataka nepi dazeni mbili, za tabaka mbili kama za Bosi.

"Za nani, Shangazi?" nikauliza, nikiwa mjinga kwa makusudi.

"Fundi, nimelea mtoto yule tangu ana miaka mitatu. Nilijua kabla hajaja kwako kupimwa. Unadhani kwa nini nilikuwa nanusa nepi zako kwa ukali vile? Nilikuwa natafuta cha kutazama, nisimtazame yeye nikalia." Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Usimwambie kuwa najua. Anajiandaa kuniambia. Mwache aniambie."

Sasa nina maagizo mawili ya mtoto mmoja na siri mbili ndani ya daftari moja. Nitashona zote dazeni nne. Mtoto atazimaliza.

Mei 23, Jumamosi

Mvua zimekwisha, na mama mkwe ameondoka asubuhi. Begi lilikuwa halifungi. Nilipomsaidia kulibana nikaona kwa nini: juu ya nguo zake kuna nepi ile ya ishirini na nne, tabaka nane, mishono ya mraba, imefuliwa na kunyooshwa.

"Ni ya kushikia sufuria," akasema haraka. Halafu akaona haitoshi, akaongeza, "Mishono hii hata hospitali hatukuwahi kuiona. Haifai kwa mtoto, lakini kazi nzuri haifumuliwi yote, mwanangu."

Miaka minne ananiita Fundi kama watu wote. Nilimbebea begi mpaka barabarani. Nilimwambia awe anakunywa maji.

Jioni mke wangu, aliyeshinda shuleni na watoto wa mtihani, alisimama mlangoni na mkoba wake, akavuta pumzi.

"Mbona nyumba hainuki kitu?"

"Mama ameondoka," nikasema.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Wote wawili tukatazama kochi. Bosi ndiye aliyevunja ukimya, kwa namna anayoijua yeye, na kwa nguvu zote. Nikainuka kutafuta beseni kabla harufu haijazoeleka.